Paneli za ngozi ukutani: maswali yenu yote, leo nayamaliza

Haya wadau, maswali yamejaa na karibu yote ni ya kitu kimoja, hizi paneli zenye sura ya ngozi ambazo siku hizi kila hoteli mpya, kila saluni, kila chumba cha maharusi lazima uzikute. Kwa ambaye bado hajazielewa ni hivi: kuna bodi, juu yake sponji, juu yake ngozi (mara nyingi bandia) imevutwa ikapigwa pini za stepla kwa nyuma. Zipo pia ngumu zisizo na sponji, uso wake umechapwa tu mikunjo na vinyweleo ionekane ngozi. Maswali yanayofanana nimeyaunganisha, marefu nimeyafupisha, twende.

Dada wa Sinza, Dar: Kuna jamaa Keko amenipa bei ya paneli za ukuta wa TV anasema ni ngozi orijino ya ng'ombe, ila bei ni rahisi mpaka nimeogopa. Nitajuaje kama ananipiga?

Dada, bei ikikuogopesha kwa urahisi jibu mara nyingi unalo tayari. Ila usigombane na mtu, muombe kipande kidogo ukigeuze nyuma. Ngozi bandia nyuma ina kitambaa, utaona kabisa nyuzi zimefumwa, ngozi ya mnyama nyuma ina vile vimanyoya vya ngozi yenyewe, uzi hamna. Afu angalia usoni, vinyweleo vya ngozi halisi havina mpangilio, hapa vimebanana pale vimeachana, kuna kovu la kupe, kuna mkunjo wa shingoni, wakati bandia ukifuata mchoro kwa macho taratibu utakuta unajirudia rudia maana umepigwa na rola. Na kingine watu hawakiangalii kabisa ni umbo, ng'ombe hana kona nne, ngozi yake inakuja na umbo lake na inauzwa kwa futi za mraba, nzima ya ng'ombe mkubwa inacheza kwenye futi 45 mpaka 55. Mtu akikukunjulia roli la upana wa inchi 54 limenyooka kingo zote akakukatia kwa mita, hiyo sio ngozi hata aape msikitini.

Ya kuogopa zaidi ni ile ya katikati, mabaki ya ngozi yanasagwa, yanagandishwa kwa gundi, juu yanapakwa plastiki. Muuzaji akikwambia ina ngozi ndani hasemi uongo, ila ndo inayobanduka mapema kuliko zote. Mi kwa ukuta wa TV nisingehangaika na ngozi halisi hata kidogo, nani anaukalia ukuta? Chukua bandia nzuri ulipe bei ya bandia. Ngozi halisi iweke pale mkono unapogusa, mgongo wa kiti, mishikio ya kabati, hapo utaisikia.

Mama wa Raskazoni, Tanga: Niliweka paneli za ngozi chumbani, za rangi ya maziwa, fundi alisema ni PU ya kisasa. Hazijafika hata miaka mitatu zinamenyuka zinadondosha vipande kama magamba, na nyuma kuna harufu ya uvundo. Fundi anasema ni AC. Mwanangu nisaidie.

Pole sana mama. Fundi kasema nusu. Hapo kuna matatizo mawili yamekukuta kwa wakati mmoja na kila moja lina dawa yake.

La kwanza ni ngozi yenyewe. PU ni poliyurethani, ni utando mwembamba uliopakwa juu ya kitambaa, na zile za bei ya chini nyingi zimetengenezwa kwa namna ambayo unyevu wa hewa unazikata taratibu kutoka ndani, sio kwamba umeisugua au mtoto ameichuna, inakatika yenyewe hata ikikaa haiguswi, na ndo maana unaweza kununua roli lililokaa stoo muda mrefu likaanza kumenyuka mapema ukabaki unashangaa. Tanga, Mombasa, Zanzibar, Dar, kote huku hewa imebeba maji mwaka mzima. Viwanda vinavyojielewa huwa vinaipima, wanaiweka ngozi kwenye joto la nyuzi 70 na unyevu wa asilimia 95 kwa wiki kadhaa waone itafanyaje, kwa hiyo muulize muuzaji kama yake imepita kipimo cha kustahimili unyevu na kwa wiki ngapi, akikuangalia tu basi umeshajua. PU ya polikaboneti inavumilia zaidi ila ni ghali. PVC nayo, ile ngozi bandia ya plastiki ya vinili, watu wanaidharau sababu ni ngumu ngumu mkononi, lakini kwa ukuta wa pwani usiopigwa jua mi naipa PVC nzuri kabla ya PU ya bei chee. Shida ya PVC ni jua na joto, mafuta yanayoilainisha yanatoka, inakakamaa, inapasuka, kwa hiyo isikae ukuta unaotazama dirisha la magharibi.

La pili ndo hiyo harufu, na hapo AC inahusika kweli ila sio peke yake. Nje hewa ya moto yenye unyevu inapenya kwenye tofali, ndani umeweka AC chumba kimekuwa baridi, sasa ule mvuke unafika nyuma ya paneli, unakuta plastiki ya baridi isiyopumua, unageuka maji palepale. Bodi ya MDF (ile ya unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi) inayanywa inavimba, fangasi anajenga. Hoteli za Florida kule Marekani zimesumbuliwa sana na hii kitu, wao ilikuwa karatasi za ukutani za vinili, kwa mbele safi kabisa ukibandua nyuma ukuta mzima una ukungu.

Sasa kabla hujarudisha chochote, bandua zote, acha ukuta wazi, afu fanya kipimo hiki cha bure: chukua nailoni nusu mita kwa nusu mita, ibandike ukutani kwa selotepu pande zote nne isiingize hewa, iache siku moja mbili. Ukikuta matone upande ule unaotazama ukuta, ukuta unatoa maji na kama nyumba ilijengwa kwa mchanga wa baharini utaona na chumvi nyeupe inatoka, hapo shughulikia msingi na plasta kwanza, usinunue hata pini. Ukikuta nailoni imelowa upande wa chumbani tu, hiyo ni hewa. Ukirudisha, piga mbao za mbili kwa moja ukutani zilizowekwa dawa ya mchwa, paneli zikae juu ya mbao ili nyuma kuwe na nafasi, acha upenyo juu na chini hewa ipite, na bodi iwe marine, ile plywood inayovumilia maji, sio MDF. AC nayo isishushwe mpaka 18, 25 inatosha mama.

Kaka wa Dodoma: Nataka ukuta wa nyuma ya kitanda cha 6 kwa 6, vipande vya mraba. Fundi kaniambia ninunue bodi mbili na mita tano za ngozi, vipande vya sentimita 60. Ni sawa?

Hapana kaka, na tatizo sio wizi, ni hizo 60. Twende na hesabu. Roli lina upana wa inchi 54, yaani kama sentimita 137, ukilikata katikati unapata sentimita 68 na nusu kwa kila kipande. Kipande cha 60 kinakuachia sentimita nne na robo kila upande, sasa sponji ya inchi moja ni mbili na nusu, bodi ya milimita 9 inaongeza, jumla tatu nukta nne zimeisha kupanda ubavu tu, nyuma ya kupigia pini inabaki chini ya sentimita moja. Fundi atafanyaje? Atabana sponji mpaka ilale, au atakata kipande kimoja kwa kila upana wa roli abaki na makapi, ndo hizo mita zinapanda.

Fanya 55. Kwa kila upande unabaki na sita na robo tatu, ubavu unakula tatu nukta nne, nyuma unabaki na zaidi ya tatu, pini inakaa. Vipande vinne kwa upana ni sentimita 220, kitanda chako cha futi 6 ni 183, kwa hiyo kinazidi kidogo kila upande na ndo inavyopendeza, mistari miwili kwa kwenda juu ni 110. Jumla vipande 8, na vyote vinatoka kwenye bodi MOJA ya futi 8 kwa 4. Ngozi unakata viwili viwili mara nne, ni kama mita 2 na sentimita 74, nunua tatu. Usianzie sakafuni, nani ataona ngozi chini ya uvungu, anzia chini kidogo ya usawa wa godoro.

Mambo mawili ambayo fundi asipoyajua utajuta. Kipande kikishavikwa ngozi kinanenepa, milimita mbili hivi kila upande, vinne vikipangwa mstari vinazidi 220 kwa sentimita moja na zaidi, kwa hiyo pima baada ya kuvika ndo uchore ukuta. Na soketi za umeme za pembeni ya kitanda zisifunikwe wala sponji isizibane, fundi umeme azitoe mbele zilingane na uso wa paneli, waya uliolegea ukitoa cheche nyuma ya sponji hutajua mpaka moshi.

Kuhusu taa, ule utepe wa LED ukiupitisha juu ya paneli mwanga unashuka kwa kuteleza, mikunjo ya ngozi inatoka vizuri sana, ila na kila kosa la fundi linatoka pia. Chukua ya njano, ya 3000 (hiyo ni Kelvin, kipimo cha rangi ya mwanga), ile nyeupe ya 6500 inafanya ngozi ya kahawia ionekane kama mfuko wa plastiki.

Hakutaja jina, Mbagala: Naomba kuuliza bila kuchekwa, hizi paneli za vifungo haziwezi kukaa kunguni?

Hakuna wa kukucheka, ni swali zuri kuliko yote na wauza fenicha hawalipendi. Zinakaa, tena sana. Kunguni anataka sehemu nyembamba, yenye giza, karibu na mtu aliyelala, sasa ile mikunjo inayokutana kwenye kifungo ndo kamjengea nyumba. Kama uliwahi kuwa nao, au unaishi nyumba ya kupanga mlango kwa mlango, achana na vifungo kabisa, weka paneli bapa yenye mshono mmoja au bila mshono, na iwe ya kutoa. Namna ya kuifanya itoke ni rahisi: chukua ubao uupasue kwa urefu kwa mshazari wa nyuzi 45, nusu moja funga ukutani kwa skrubu na plagi zake mdomo uangalie juu, nusu nyingine funga nyuma ya paneli mdomo uangalie chini, basi paneli inajiningʼiniza yenyewe, ukitaka kuitoa unainyanyua tu. Utaona nyuma, utafagia, utapiga mvuke wa moto kwenye kona za mbao. Mafuta ya taa jamani msipake, yanalainisha ngozi bandia, yanaingia kwenye sponji, afu mnalala na kiberiti ukutani.

Mdau wa Mwanza: Nafungua launji ndogo, nimeona dizaini ya kuvika ngozi nyeusi kuta zote mpaka dari, inaleta sauti nzuri na ubosi. Ushauri?

Dari usiguse. Kuta zote nazo hapana. Na hapa nitaongea kidogo kwa ukali, unisamehe mkuu.

Sponji ya kawaida ya makochi ni poliyurethani, ikishika moto haiungui kama mbao, inakimbia, na moshi wake una kaboni monoksidi na sianidi, mtu anaanguka kabla moto haujamfikia. Juu yake ukivika PVC unaongeza moshi wa tindikali. Mwaka 2003 Rhode Island, Marekani, klabu ya The Station, fataki za jukwaani ziliwasha sponji iliyobandikwa ukutani kupunguza sauti, walikufa watu 100. 2013 Brazil, mji wa Santa Maria, klabu ya Kiss, fataki tena, sponji ya dari tena, watu 242. Na we launji yako nina uhakika kuna bethidei watu watakuja na zile fataki za kwenye chupa zinazorusha cheche mpaka juu.

Unachoweza kufanya: ngozi iishie kwenye migongo ya makochi ya ukutani na mstari mmoja juu yake, usawa wa kichwa cha mtu aliyekaa, basi. Hata ubosi unaonekana zaidi kuliko kufunika kila kitu. Sponji iwe ile iliyotiwa dawa ya kuzuia moto, omba karatasi ya kiwanda usikubali maneno ya dukani. Fataki piga marufuku. Milango miwili inayofunguka kwa nje, isifungwe kufuli wateja wakiwa ndani. Na waite Zimamoto waje waone mchoro kabla fundi hajaanza, wakija baada ya kumaliza watakubomolesha na watakuwa sahihi.

Msanii, Umoja, Nairobi: Niaje boss, nataka kutengeneza ka-studio kwa bedroom. Nikiweka leza (ngozi) ya padding ukuta mzima nitakuwa sorted? Majirani wanalalamika.

Poa sana. Hapana, hautakuwa sorted. Weka mdomo kwa hiyo ngozi ujaribu kupuliza hewa ipite upande wa pili. Haipiti, sindio? Basi sauti nyembamba nazo hazipiti, zinagonga uso wa ngozi zinakurudia kwa maiki, utapata vokali zenye ukali wa ajabu. Tafuta kitambaa kinachopitisha pumzi, hata kitenge chepesi kinafaa, nyuma yake weka pamba ya mawe (rockwool) ya sentimita 5 mpaka 10, hiyo itatuliza chumba. Lakini jirani bado atakusikia maana kumzuia jirani asisikie ni kazi ya uzito na kuziba mianya, mlango mzito, raba chini ya mlango, dirisha. Ngozi unaitaka kwa picha za YouTube, weka nyuma ya kiti chako pekee. Ikiwa unataka halisi kwa kipande kidogo hivyo, Kariokor wana vipande vya mabaki ya ngozi, pita uulize.

Mpangaji, Ubungo: Mwenye nyumba hataki kutoboa ukuta. Zile za kubandika zinafaa?

Zile za sponji nyepesi zenye gundi nyuma zinashika vizuri ukuta laini wenye rangi ya mafuta, kwenye rangi ya maji iliyochoka zinadondoka usiku zinakutisha, na siku ya kuhama zinaondoka na rangi, deposit yako imekwenda. Fanya bodi moja ndefu yenye miguu yake, isimame sakafuni nyuma ya kitanda, kitanda kiisukumie ukutani. Haitoboi chochote na unahama nayo.

Mke na mume, Arusha: Mume anataka ngozi nyeusi sebule nzima, mi naona ni kizamani, kama ofisi ya mkurugenzi wa shirika la umma. Nani yuko sahihi?

Shemeji asinichukie ila uko sahihi kuhusu nyeusi, kuhusu uzamani mmekosea wote kidogo, maana huu uzamani ni wa mbali zaidi ya mashirika ya umma. Cordoba kule Hispania walikuwa wanavika kuta ngozi zilizochorwa na kung'arishwa kwa rangi ya dhahabu karne na karne, karne ya 17 Waholanzi nao wakawa mafundi wakubwa, matajiri wa Ulaya wakawa hawali chakula mpaka ukuta uvae ngozi. Na feki nayo sio ya jana. Wajapani miaka ya 1870 walianza kuuza Ulaya karatasi iliyofinyangwa ionekane ngozi, na mwaka 1877 Mwingereza Frederick Walton, yuleyule aliyevumbua linoleamu ya sakafuni, akatoa Lincrusta, ya mafuta ya kitani, inachapwa michoro kama ngozi inabandikwa ukutani. Zipo nyumba Uingereza bado zinayo mpaka leo, wakati PU ya mama wa Tanga haijamaliza miaka mitatu.

Kwa sebule yenu: ukuta mmoja tu, ule wa TV au ule wa nyuma ya kochi kubwa, kahawia ya tumbaku au rangi ya mchanga, isiyong'aa. Nyeusi inayong'aa inaonyesha vumbi la Arusha saa mbili baada ya kufuta. Na kama makochi tayari ni ya ngozi, ukuta usivae ngozi, wekeni mbao. Shemeji nyeusi yake aipate kwenye kabati la TV.

Wengi (kweli wengi): Sehemu ya kichwa kwenye hedibodi imekuwa nyeusi na inanata, tusafishe na nini?

Hayo ni mafuta ya nywele na jasho. Sabuni ya maji kidogo kwenye maji ya uvuguvugu, kitambaa laini, futa, rudia na kitambaa cha maji safi, kausha hapohapo. Sio jiki, sio spiriti, sio thina, vyote vinakula utando wa juu. Kama unanata hata baada ya kufuta, utando umeshalainika na hautarudi, mpigie fundi makochi avike upya kipande hicho tu, ndo raha ya kuwa na vipande vipande badala ya paneli moja nzima. Wakati mnasubiri fundi, vile vitambaa vya kufuma vya mama mlivyovitoa kwenye makochi mkasema ni vya kishamba, kitundikeni kimoja pale kichwa kinapoegemea, mkifue kila Jumamosi.